Kiti kinasogea kwa swichi, memori imegoma: ninunue kontroli boksi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gari la Kijapani la mwaka 2009, usukani kulia. Kiti cha dereva kina memori, na vitufe vyake 1, 2 na SET viko mlangoni. Mimi ni mfupi na mume wangu ni mrefu, hivyo 1 ni yangu na 2 ni yake. Tangu masika nikibonyeza 1 kiti hakitikisiki. 2 inakubali leo, kesho inagoma. SET bado inalia "pii" kama zamani. Kinachonishangaza ni kwamba mlango ukiwa wazi kuna wakati vyote vinafanya kazi vizuri. Swichi ya kawaida ya pembeni ya kiti haina tatizo, inakipeleka mbele, nyuma, juu na chini. Fundi wa kwanza amesema kontroli boksi la kiti limekufa. Wa pili amesema ni swichi ya mlangoni. Nimsikilize nani? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba dada yangu. Usinunue chochote kwanza. Huenda mmoja wa mafundi hao amepatia, lakini katika maelezo yako sijaona aliyetoa kipimo, na fundi asiyepima anabahatisha kwa hela yako. Kontroli boksi, yaani kompyuta ndogo inayoendesha kiti, ni kati ya vifaa vya bei kubwa kwenye mfumo huu, na kwa dalili ulizoandika mimi ningekishuku mwisho kabisa.

Tuanze na kitufe chenyewe. Kwenye gari lisilo na memori, swichi ya kiti hubeba umeme wa mota moja kwa moja: ukisukuma mbele inapeleka chanya upande huu wa mota na hasi upande ule, ukivuta nyuma inavigeuza. Kitufe cha memori hakifanyi hivyo. Hakigusi mota. Kinapeleka ombi tu: "nirudishie mkao wa 1." Ombi hilo linatoka kwenye swichi, linapita kwenye konekta yake, linafuata waya ndani ya mlango, linavuka ule mpira wa mikunjo ulio kati ya mlango na bodi ya gari, linapita chini ya kapeti, ndipo linafika kwenye boksi lililo chini ya kiti. Boksi likilipokea linajiuliza kwanza kama hali inaruhusu: gia iko P, yaani ya kuegesha? gari limesimama? Likiridhika linalinganisha kiti kilipo na pale lilipoambiwa likikumbuke, kisha linazungusha mota moja baada ya nyingine.

Linajuaje kiti kilipo? Magari mengi ya miaka hiyo yana kihisio kidogo cha sumaku ndani ya kila mota, kinachotoa pigo la umeme kadiri mota inavyozunguka. Boksi linahesabu mapigo. Halina habari ya sentimita. Linajua tu kwamba mkao wako uko mapigo kadhaa kutoka mwisho wa reli.

Ndiyo maana ile sentensi yako kwamba swichi ya kawaida haina tatizo ina thamani kubwa. Kwenye magari mengi yenye memori, hata swichi hiyo ya pembeni hupeleka ombi kwenye boksi lile lile, na boksi ndilo linalozungusha mota. Kama ni hivyo kwenye gari lako, fyuzi kubwa ya kiti ni nzima, mota ni nzima, hasi ya kiti ni nzima, na boksi lina uhai. Boksi lililokufa halisogezi kiti. Linaweza kuwa limeharibika kipande tu, upande unaosoma vitufe vya memori, lakini hilo ni nadra, na huwezi kulisema kabla ya kuhakikisha kwamba ombi linalifikia.

Kabla ya kushika bisibisi, fanya jaribio dogo la vihisio. Kaa kitini, kipeleke kwa swichi ya kawaida kutoka mwisho wa mbele mpaka mwisho wa nyuma kwa mkono usioachia. Kisha juu na chini. Kisha mgongo wa kiti. Kiti kinachotembea bila kukatika ni dalili nzuri. Kikienda kidogo kikasimama, ukaachia na kubonyeza tena kikaenda kidogo tena, boksi halipati mapigo ya mota hiyo, na magari mengi hapo hukataa memori yote hata kama vitufe ni vizima. Ukiwa hapo chungulia chini ya kiti na kwenye reli. Kwenye magari ya familia nimetoa huko chupa za maji, kalamu, sarafu, hata kiatu cha mtoto. Kiti kikikwama njiani wakati boksi linakirudisha, boksi linasimamisha kila kitu, na mwenye gari anaona memori imegoma.

Hakikisha pia kwamba gari halikunyimi kwa makusudi. Kitabu cha gari lako bila shaka kimekuja kwa Kijapani, kwa hiyo wengi hatujui masharti yake. Kwa kawaida mkao hauitwi gia ikiwa nje ya P. Kuna magari ambayo mguso mmoja unatosha mlango ukiwa wazi, lakini mlango ukifungwa inabidi ushikilie kitufe mpaka kiti kifike. Na kama betri ilitolewa au kubadilishwa karibuni, baadhi ya magari husahau mikao yote. Hapo hakuna hitilafu. Weka kiti unavyotaka, bonyeza SET pamoja na namba, au SET kisha namba ndani ya sekunde chache, kutegemea gari, mpaka lilie.

Sasa nije kwenye jambo uliloliandika kama la pembeni, ambalo kwangu ndilo ufunguo: mlango ukiwa wazi vitufe vinakubali. Linaweza kuwa na maana mbili, nazo zinapeleka mahali tofauti kabisa. Ya kwanza ni sharti kama hilo nililolitaja, yaani gari linajua kuwa mlango uko wazi na linabadilisha tabia. Ya pili ni kwamba mlango unapofunguka, nyaya zilizo ndani ya ule mpira wa mikunjo hunyooka, na waya uliokatika au kuliwa na kutu unagusana tena. Fundi akichanganya haya mawili atafungua mlango mzima bure, au ataacha waya mbovu akidhani ndivyo gari lilivyoundwa.

Kuna njia ya kuyatenganisha isiyokugharimu kitu. Fungua mlango wote. Kwenye ukingo wake kuna kitasa chenye ulimi wa chuma ambao hushika chuma cha nguzo. Sukuma ulimi huo kwa bisibisi mpaka uingie mikato yake miwili, "ta, ta," kama vile mlango umefungwa. Taa ya ndani ikizimika na alama ya mlango ikaondoka kwenye dashibodi, gari linaamini mlango umefungwa, na wewe unauona uko wazi mbele yako. Magari mengine yana kitufe cha mpira kwenye nguzo badala ya kihisio ndani ya kitasa, hicho unakibonyeza kwa kidole tu. Sasa, gia ikiwa P, bonyeza 1, kisha 2. Rudia mara kumi na uandike kila jibu, maana hitilafu ya kuja na kuondoka haihukumiwi kwa jaribio moja.

Vitufe vikigoma mara tu gari linapoamini mlango umefungwa, hali ya mlango ndiyo inayoamua, na inabidi tutafute masharti. Vikiendelea kukubali, basi kinachoamua ni pembe ya mlango, na mashaka yangu yote yanahamia kwenye nyaya. Kisha mtu mmoja aendelee kubonyeza na mwingine auzungushe mlango taratibu, huku ulimi bado umesukumwa. Ukiona kuna pembe fulani ambapo vitufe vinakata, umekaribia sana. Ukimaliza, vuta mkono wa mlango ili ulimi urudi KABLA ya kuufunga. Ukiubamiza mlango huku ulimi umeshajifunga, utaharibu kitasa na lawama itanirudia mimi.

Angalia na majirani. Kioo cha pembeni, kioo cha dirisha na loki ya mlango huo vinapitisha nyaya zao kwenye mpira ule ule. Kama navyo vimeanza visirani tangu masika, usiendelee kuhangaika na kiti.

Nakuja kwenye swali ambalo mafundi wako wawili hawakulijibu: kwa nini 1 imekufa kabisa, 2 inasitasita, na SET iko salama? Mtu wa haraka atasema vitufe viwili vimeharibika. Mimi naona hitilafu moja, na nitakuonyesha kwa hesabu.

Swichi nyingi za memori hazina waya mmoja kwa kila kitufe. Waya wa ombi ni mmoja tu na hasi ni moja, na ndani ya swichi kila kitufe kina risista yake, yaani kipande kinachozuia umeme kwa kiasi maalumu kinachopimwa kwa omu. Boksi linatoa volti 5 kupitia risista iliyo ndani yake, halafu linasoma volti ngapi zimebaki kitufe kinapobonyezwa. Tuseme risista ya boksi ni omu 1,000, kitufe 1 kina omu 330, kitufe 2 kina omu 1,000 na SET ina omu 3,300. Gari lako linaweza kuwa na namba nyingine, ila mwenendo ni huo huo. Bila kubonyeza, boksi linasoma volti 5. Ukibonyeza 1 linasoma volti 1.24. Ukibonyeza 2 linasoma 2.5. SET ni 3.84. Boksi limewekewa ukanda kuzunguka kila namba, na kati ya kanda hizo kuna nafasi ambazo kwake hazina maana yoyote.

Sasa mvua imeingia mlangoni, na pini ya hasi ya swichi, au waya wake ndani ya mpira, imeota kutu ya kijani. Kutu hiyo imeongeza omu 300 kwenye njia inayotumiwa na vitufe vyote. Kitufe 1 sasa kinasomeka volti 1.93 badala ya 1.24, kimeanguka kwenye nafasi isiyo na maana, na boksi linakipuuza. Kitufe 2 kinasomeka 2.83 badala ya 2.5, kiko ukingoni, leo kinakubaliwa na kesho kinakataliwa. SET inasomeka 3.91 badala ya 3.84, haijaona hata tofauti. Kitufe chenye risista ndogo ndicho huumia kwanza, kwa sababu omu 300 kwake ni karibu sawa na mzigo wake wote, na kwa SET ni chumvi kidogo tu kwenye sufuria kubwa. Tazama barua yako tena: 1 imekufa, 2 inasitasita, SET nzima.

Ndiyo maana nakuuliza: kuna siku ulibonyeza 1 kiti kikaenda kwenye mkao wa mumeo? Kutu ikizidi na kufika omu 700 hivi, kitufe 1 kinasomeka volti 2.54, na hiyo kwa boksi ni 2. Kama limewahi kukutokea, usidhani ulikosea kidole. Ni ushahidi mkubwa kuliko yote, na fundi anapaswa kuujua.

Maji yanaweza pia kufanya kinyume, yakapitisha umeme kati ya waya wa ombi na hasi hata bila kitufe kubonyezwa. Boksi linaanza kusoma pungufu ya volti 5 muda wote, linadhani kuna mtu kashikilia kitufe, na magari mengine hapo huacha kusikiliza vyote mpaka "aachie". Dalili yake ni vitufe vyote kugoma asubuhi yenye unyevu na kupona mchana wa jua.

Kupima ni kazi ya dakika 20 kwa fundi mwenye multimita, kile kipimo cha volti na omu. Afungue kava la mlango, aache konekta ya swichi ikiwa imechomekwa, na apenyeze ncha za multimita kwa nyuma ya konekta taratibu bila kutoboa ganda la waya. Waya mweusi wa multimita auweke kwenye chuma safi cha bodi. Atafute waya ambao volti zake hubadilika kitufe kinapobonyezwa, kisha aandike namba nne: bila kubonyeza, 1, 2, SET. Akimaliza, ahamishe ncha nyekundu kwenye waya wa HASI wa swichi, abonyeze 1 na kuushikilia. Waya mzima utasoma sifuri, au senti chache za volti. Kwa mfano wangu wa omu 300, pale patasoma karibu volti 0.9. Namba hiyo peke yake inamaliza ubishi: hasi ya swichi haifiki kwenye bodi inavyotakiwa, na swichi mpya ya bei yoyote isingesaidia.

Hasi ikiwa nzima lakini namba za vitufe zinayumba, ndipo achomoe konekta na kupima swichi yenyewe kwa omu. Kila kitufe kitoe namba yake, itulie, na irudi ile ile ukibonyeza mara 20. Namba inayoruka, au inayoshuka taratibu kama inayotafuta pa kutua, ni viunganishi vichafu ndani. Swichi ikiwa nzima na hasi nzima, basi apime waya ule ule wa ombi upande wa boksi, chini ya kiti. Kinachohesabika ni volti linazosoma boksi, na si lazima zifanane na zile za mlangoni. Kama kutu iko kwenye waya wa ombi wenyewe, mlangoni utaona volti zimepungua kidogo huku kwenye boksi zimepanda. Namba zikiwa sahihi mpaka kwenye konekta ya boksi, na boksi bado limenyamaza, hapo sasa nami nitakubali kulishuku.

Mwenye mashine ya kupimia inayoingia hadi mifumo ya bodi anaweza kufupisha safari. Anafungua ukurasa wa kiti, anaangalia data za papo kwa papo, na wewe unabonyeza. Skrini ikionyesha kitufe 1 kimewaka, ombi limefika. Lakini kile kidude cha bei rahisi kinachosoma makosa ya injini tu hakitauona mfumo huu, kwa hiyo mtu akikuambia "nimepima na kompyuta, hakuna kosa", muulize kama mashine yake imelifungua boksi la kiti.

Mambo matatu nakuomba usimruhusu mtu kuyafanya kwenye gari lako.

Asitumie taa ya kupimia yenye balbu kwenye waya wa ombi. Balbu ya wati 5 inavuta karibu ampea 0.4. Waya huu umeundwa kwa volti 5 na miliampea chache, na taa iliyoungwa kwenye chanya ya betri inausukumia volti 12 mpaka ndani ya boksi. Boksi zima linaweza kuuawa na fundi anayetafuta kama limekufa. Taa hiyo ni nzuri kwa fyuzi na taa za mbele, hapa si mahali pake.

Asichomoe konekta yoyote ya njano chini ya kiti gari likiwa na umeme, na wala asiweke multimita ya omu humo. Njano ni ya eabegi na mikaza mikanda. Ikibidi kiti kitoke, tenganisha hasi ya betri kwanza, kisha subiri. Vitabu vya magari hutofautiana muda, mimi husubiri dakika 10 na sijawahi kujutia dakika hizo.

Na asikuunganishie waya "ili memori ifanye kazi hata gari likitembea". Nimeombwa kazi hiyo mara kadhaa na nimeikataa kila mara. Kiti kikirudi nyuma kwa mkao wa mumeo wakati wewe uko kwenye mteremko, mguu wako hautaifikia breki. Sharti la P liliwekwa na watu walioufikiria mguu huo.

Nikueleze gari moja la Tanga, maana linafanana na lako. Mwenyewe alikuwa ameshanunua swichi mbili, ya pili ikiwa mpya, na memori ilipona siku chache kila alipobadilisha, kisha ikagoma. Kila mtu aliona hiyo ni dalili ya swichi feki. Nilipochomoa konekta upande wa mlango nikakuta pini moja ina unga wa kijani, na ganda la waya likiwa limevimba kama sentimita mbili kutoka kwenye pini. Nilipolichana, shaba ndani ilikuwa nyeusi na ilikatika kwa ukucha. Kila swichi ilipobadilishwa, kuchomeka na kuchomoa kulikwangua kutu kidogo kwenye pini, umeme ukapita kwa wiki moja, kutu ikarudi. Swichi zote tatu, pamoja na ile ya zamani, zilikuwa nzima. Hewa ya chumvi ya pwani inafanya hivi haraka zaidi. Ila Morogoro nako mvua ya masika ikipita kwenye raba ya kioo iliyochoka inatosha, hasa kama matundu ya kutolea maji chini ya mlango yamezibwa na udongo. Yazibue kwa kijiti hata kabla ya kwenda kwa fundi.

Ukutwapo waya mbovu ndani ya mpira, urekebishaji una adabu yake. Kusokota na kubandika tepu pale pale kwenye mkunjo ni kujipa miezi miwili. Hata kulehemu kwa risasi ndani ya mkunjo si dawa, kwa sababu risasi huufanya waya kuwa mgumu, na utakatika pembeni ya kiungo. Fundi aingize kipande kipya cha waya laini wa unene ule ule, kipite mpira mzima bila kiungo, na viungo vyote viwili vikae sehemu isiyopinda, kimoja ndani ya mlango na kingine ndani ya nguzo. Vivishwe mirija inayosinyaa kwa joto. Nyaya zikiwa kadhaa, viungo visikae mstari mmoja, la sivyo fungu litanenepa na mpira hautarudi mahali pake, na maji yataendelea kuingia.

Kama pini ndiyo yenye kutu, ikwanguliwe taratibu, isafishwe kwa spiriti na brashi laini, na ikiwa imeliwa ibadilishwe. Kama ni swichi, nyingi hufunguka kwa klipu. Ndani utakuta raba yenye vidoti vyeusi vya kaboni, au visahani vidogo vya chuma. Spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi vinatosha. Msasa usiguse, unang'oa utando unaopitisha umeme, na mafuta ya kulegezea boliti zenye kutu hayana kazi humo. Angalia kwa kioo cha kukuza pale pini za konekta zinapoingia kwenye sakiti: ufa wa mduara kuzunguka risasi ni kosa la kawaida sana na hutibiwa kwa kulehemu upya.

Ikithibitika swichi lazima ibadilishwe, swichi ya mtumba kutoka Gerezani au Ilala, Dar es Salaam, inafaa kabisa, mradi namba iliyochapwa nyuma ilingane na yako herufi kwa herufi. Umbo kufanana si uthibitisho, kwa kuwa risista za ndani zinaweza kuwa tofauti, na utarudi kwenye yale mambo ya kubonyeza 1 na kupelekwa 2. Nenda na multimita, pima omu za vitufe pale pale dukani ukilinganisha na kitufe chako kilicho kizima zaidi, yaani SET. Chunga pia spea zinazotoka Dubai, nyingi ni za magari ya usukani wa kushoto, na swichi ya mlango wa kushoto huenda isikae kwenye kava lako.

Wasomaji wenye Mercedes-Benz, BMW na magari mengine ya Ulaya wasichukue vipimo hivi kama vilivyo. Kwenye mengi ya miaka ya karibuni swichi ina chipu yake na inazungumza na boksi kwa ujumbe wa kidijitali kwenye waya mmoja uitwao LIN. Hapo kupima swichi kwa omu hakukuambii kitu. Unapima chanya yake, hasi yake, na waya wa LIN ambao multimita huuonyesha chini kidogo ya volti za betri, namba ikichezacheza kwa sababu ujumbe unapita. Ukikaa kwenye sifuri moja kwa moja, kuna shoti au waya umekatika. Magari hayo pia huzima vitu vya starehe betri ikichoka, kwa hiyo anza na betri: ikiwa imepumzika iwe karibu volti 12.6. Na boksi la mtumba la kiti mara nyingi hulazimika kuandikishwa kwenye gari kwa mashine, jambo jingine la kuuliza kabla ya kulipa.

Dada, kwa leo fanya jaribio la ulimi wa kitasa, halafu jioni washa taa za gari uangalie kama vitufe vya memori navyo vinawaka mwanga wake ule ule wa zamani au vimefifia. Kwenye baadhi ya magari mwanga huo hutumia hasi ile ile ya swichi. Kisha nitumie majibu hayo mawili, pamoja na zile namba nne za fundi na ile ya waya wa hasi akiwa ameshikilia 1. Na uniambie kama kiti kimewahi kukupeleka kwa mumeo.